Kumi la Mwisho na Mwanamke Aliyeko Jikoni

Mhadhara wa wazi uliotolewa Unguja katika mwezi wa Shaabani, mbele ya wanawake na wanaume



Najua siku hizi za mwisho za Shaabani si za kuwatoa watu majumbani. Wengine mmetoka kuvunja jungu, wengine mmeacha mchele haujachaguliwa na pilipili manga haijatwangwa, na kila mmoja ana vitu vyake vya kununua sokoni Darajani kabla bei hazijapanda. Kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumza juu ya utulivu ndani ya Ramadhani, mwezi wenye shughuli kuliko yote tuliyonayo, na hasa juu ya swali moja tunalolipita kila mwaka bila kuligusa: mtu anapokaa peke yake na Mola wake, nani amembebea kazi zake?

Msimamo wangu nausema mapema. Ndani ya nyumba, utulivu wa mtu mmoja hutengenezwa na kazi ya mtu mwingine. Ikiwa ni hivyo, basi utulivu ni kitu cha kugawana kwa haki, kama tunavyogawana sinia la futari, kila mkono ukapata upande wake. Katika nyumba zetu nyingi haugawanywi. Wanaume wanaupata, hasa katika kumi la mwisho, na wanawake wanautengeneza.

Twende jikoni kwanza, kwa sababu mhadhara wa Ramadhani usiopita jikoni haujaijua Ramadhani ya pwani hii.

Mama wa nyumba huamka saa 9 za usiku, pengine kabla hata vigoma vya daku havijafika mtaani kwake. Anapasha wali, anachemsha chai, anaamsha watu, na wale wazito wa kuamka anawaamsha mara ya pili. Adhana ya alfajiri inaadhiniwa, watu wanaswali, na wengi wao wanarudi kulala. Yeye ana vyombo vya daku. Vyombo vikimalizika, wadogo wasiofunga wanataka chai yao, wa skuli wanataka sare iliyopigwa pasi. Asubuhi ni ya soko: mihogo, magimbi, ndizi, boga, samaki, nazi. Ikisha kuswaliwa adhuhuri, kazi yenyewe huanza. Mihogo imenywe, nazi zivunjwe, akae juu ya mbuzi azikune, atoe tui zito aliweke kando, atoe tui jepesi atangulie nalo. Manda za sambusa zinamsubiri. Unga wa kaimati umeshaumuka na shira iko motoni. Uji wa pilipili manga hautaki kuachwa peke yake, usije ukashika chini. Na yote haya anayafanya akiwa amefunga, mbele ya moto, bila hata ya kuonja chumvi.

Karibu na magharibi ndiyo fujo inazidi. Sahani za majirani lazima zitoke, maana futari ya kwetu huvuka kuta, na mtoto aliyetumwa na bakuli la ndizi kwa bi mkubwa wa nyumba ya tatu harudi na bakuli tupu. Ninaipenda sana desturi hii na sitaki ife. Lakini nataka mtazame anayeipika. Adhana inaadhiniwa, wote wamekaa kitako, yeye yuko wima kati ya jiko na mkeka, tende mkononi. Baada ya hapo kuna chakula cha usiku. Tarawehe anaisikia kwa spika za msikiti akiwa anakosha masufuria. Analala saa 6 za usiku, akibahatika saa 5 na nusu, na saa 9 vigoma vinapita tena.

Sisi wa huku tumepewa nafuu moja ambayo wenzetu walio kaskazini mwa dunia hawana. Tuko karibu na mstari wa ikweta. Unguja, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki saa nzima. Ramadhani inazunguka mwaka mzima, kila mwaka ikirudi nyuma siku 10 au 11, inatukuta katika joto la kaskazi na inatukuta katika mvua za masika, lakini saa za kufunga zinabaki karibu zile zile. Kinachomchosha mwanamke wa pwani, basi, si urefu wa mchana. Ni kazi, na kazi tunaipanga wenyewe. Kilichopangwa na watu, watu wanaweza kukipangua.

Sasa njooni kwenye makumi. Kumi la kwanza watu wana nguvu, misikiti imejaa, futari ina kila aina. Kumi la kati linapita. Kumi la mwisho ndilo linalobeba Lailatul Kadri, usiku ulio bora kuliko miezi 1000, na ndilo kumi ambalo Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akikaa itikafu, yaani kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Siku hizo hizo ndizo ambazo mapazia yanafuliwa, kuta zinapakwa rangi, watoto wanapelekwa kwa fundi cherehani kupimwa, visheti vinakaangwa, keki zinaokwa, na Darajani hapapitiki. Yaani kazi nzito kuliko zote za mwaka na utulivu mkubwa kuliko wote wa mwaka tumezirundika katika mikesha ile ile. Mume anabeba godoro na Msahafu anakwenda msikitini. Mke anabaki na orodha. Na fundi cherehani tusimsahau, naye pia hujikuta usiku wa mwezi 27 yuko kwenye cherehani mpaka alfajiri, kwa sababu sisi tulimpelekea vitambaa mwezi 20.

Nimewauliza wanawake wengi, wa Ng'ambo, wa Mji Mkongwe, wa shamba, kila mmoja Ramadhani yake inakwishaje. Jibu linalorudi ni kuwa mwezi uliondoka bila wao kuuona. Waliufunga wote, hawakuuona. Maneno haya nimeyasikia kwa wasichana wa miaka 20 na kwa bibi wa miaka 70, na yananiuma.

Kuna watakaoniambia, na wana hoja: kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, anayefuturisha hupata mfano wa ujira wa aliyefunga, kwa hiyo mwanamke aliyeko jikoni yuko ibadani. Ni kweli. Siondoi hata herufi moja. Lakini ibada ya mkono haimalizi haja ya moyo kukaa peke yake, na hakuna mahali katika dini yetu ambapo mja mmoja ameambiwa atosheke na sufuria ili mwingine akae na Mola wake. Na kama thawabu hii ni kubwa, na ni kubwa, basi wanaume nao wana haki nayo. Waje jikoni wachukue fungu lao.

Tumtazame aliyetufundisha. Kabla saumu haijafaradhishwa, jambo lililokuja mwaka wa 2 wa Hijra, na kabla wahyi haujashuka, Mtume (S.A.W.) alikuwa akipanda kwenye pango la Hira, katika Jabal Nur nje ya Makka, akikaa huko katika ibada siku kadhaa, usiku na mchana. Kisa hiki kila mtoto wa chuoni anakijua. Lakini riwaya ya Bibi Aisha, iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Bukhari, ina jambo ambalo walimu wetu hulitaja haraka haraka. Alikuwa akichukua chakula cha kukaa nacho, kikimwishia anarudi kwa Bibi Khadija, anachukua kingine, anapanda tena. Khalwa, yaani faragha ya mja na Mola wake, iliyotangulia Kurani ilikuwa na masurufu yake, na masurufu yalitoka katika nyumba ya mwanamke. Huyo ni mfanyabiashara, mama wa watoto, mwenye nyumba yenye kazi zake. Sitaki kumtia maneno mdomoni. Ninachotaka ni kwamba tukitaja Hira, tumtaje na yeye aliyewezesha Hira.

Madina ndiko tunakojifunza zaidi. Aya ya 187 ya Suratul Bakara inawataja wanaokaa itikafu misikitini, na Sunna ikatuonyesha namna yake. Watu wengi wanadhani itikafu ni kukata mguu na watu wa nyumbani. Riwaya hazisemi hivyo. Bibi Aisha anasimulia kwamba Mtume akiwa itikafu msikitini alikuwa akimtolea kichwa, yeye akiwa chumbani mwake, anamchana nywele. Bibi Safia alimtembelea usiku katika kumi la mwisho, wakazungumza kitambo, na alipotaka kurudi Mtume alisimama akamsindikiza. Huu ni utulivu unaomkumbuka mtu wa nyumbani. Anayekaa itikafu siku kumi bila hata kuuliza nyumbani wamefuturu nini, na nani amembeba mtoto mwenye homa, ana namna yake ya itikafu, ila asiinasibishe na ile ya Madina.

Na wanawake je? Bibi Aisha aliomba ruhusa ya kukaa itikafu, akapewa, akapigiwa hema lake msikitini. Bibi Hafsa naye akaomba kupitia kwake. Bibi Zainab alipoona, naye akapiga hema lake. Asubuhi Mtume akaona mahema, akauliza ni ya nini, akatilia shaka kama ni wema uliokusudiwa hapo, akaiacha itikafu yake mwezi ule, akaja kukaa siku kumi katika Shawwal. Wapo wanaokisoma kisa hiki kama kufukuzwa kwa wanawake. Mimi nakisoma kama wanavyokisoma wanazuoni wengi: ruhusa ilitangulia, ikatolewa bila shida, na kilichochukiza ni mashindano. Ushahidi ni kwamba baada ya Mtume kufariki wake zake walikaa itikafu. Kama mlango ungekuwa umefungwa, wasingepita wao, watu wa nyumba yake.

Mashindano yenyewe tunayo leo, tena kwa wanaume. Kijana anaingia itikafu na simu mbili, anapiga picha ya godoro lake, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, kisha anakesha akihesabu waliomjibu. Kile alichokwenda kukitafuta amekitoa nje kwa mkono wake. Simu ibaki nyumbani, au apewe mlinzi wa msikiti, iwashwe mara moja kwa siku kwa ajili ya mama yake na watoto wake. Zaidi ya hapo ni kuhamisha soko kulipeleka mihrabuni.

Na kelele nyingine ni yetu wenyewe wacha Mungu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume alikuwa itikafu, akasikia watu wakisoma Kurani kwa sauti za juu, akainua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane kwa kupaziana sauti za kisomo. Kisomo chenyewe, sembuse spika ya msikiti inayowashwa saa 8 za usiku ikaelekezwa kwenye dirisha la mzazi aliyejifungua juzi! Kamati za misikiti, nawaombeni. Adhana ni adhana, ina haki yake. Mengine yote yabaki ndani ya kuta.

Sasa kuna jambo la fikihi ambalo mwanamke wa pwani anapaswa alijue. Sisi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu ya Hanafi mwanamke anaweza kukaa itikafu nyumbani, mahali alipopatenga kwa swala. Kwetu, kauli yenye nguvu ni kwamba itikafu mahali pake ni msikitini, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Na katika mitaa yetu mingi misikiti haina sehemu ya wanawake. Kwa hiyo mwanamke wa hapa anafungiwa mara mbili: nyumbani haihesabiwi, msikitini hana pa kukaa. Mji Mkongwe peke yake una misikiti zaidi ya 40. Hesabuni wenyewe, mkitoka hapa, ni mingapi yenye mlango wa mwanamke.

Lakini madhehebu hayo hayo yana upana mkubwa upande mwingine, na huu hausemwi vya kutosha. Kwa Shafii, itikafu haina lazima ya siku kumi, haina lazima ya mchana kutwa, haina hata lazima ya kuwa umefunga. Ukiingia msikitini ukanuia, ukakaa kitambo kinachozidi utulivu wa rukuu, umekaa itikafu. Maana yake, mama anayetoka Darajani na kikapu chake, akapita kwenye msikiti wenye sehemu ya wanawake, akanuia, akakaa robo saa kabla ya kurudi kwenye mihogo, amepata sehemu yake ya itikafu. Robo saa! Kwa mwanamke wa Ramadhani robo saa ni mali nyingi, na dini imeikubali. Sasa kinachobaki ni mlango, na mlango uko mikononi mwa kamati.

Na ambaye hawezi kufika msikitini, kwa umbali, kwa siku zake za ada, kwa mgonjwa aliye naye? Kwa huyo hatuzungumzii itikafu, tunazungumzia khalwa, kukaa faragha na Mola wake, kwa dua na dhikri, na hiyo haina mipaka ya mahali. Mtume alikuwa na mkeka ambao usiku wa Ramadhani aliuzungushia msikitini ukawa kama chumba kidogo cha kuswalia, na mchana unatandikwa watu wakae. Nawaambia hili watu wa vyumba viwili, na watu wa majumba ya Michenzani, ambao wakisikia habari za faragha huangalia kuta zao wakacheka. Misumari miwili, kamba na kanga moja ya kuningʼiniza vinatosha. Tatizo la nyumba zetu si nafasi. Tatizo ni kwamba mwanamke akikaa nyuma ya ile kanga, anaitwa. Chumvi iko wapi? Soksi zangu ziko wapi? Mtoto analia.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na saa yake. Akisha kuswali alfajiri hakuondoka juu ya msala mpaka jua litoke, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Tulikua tukijua hivyo. Aliyeilinda saa ile alikuwa shangazi yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akikosha vyombo vya daku, yeye aliyekuwa akitunyamazisha, na jioni, baada ya alasiri, mama alikuwa akimwambia: sasa nenda wewe. Shangazi anaingia chumbani, mama anakaa mbuzini. Hawakuwa wamesoma vitabu vikubwa wale wanawake. Walikuwa wamekubaliana.

Niseme pia kinachotokea mtu akikaa, maana wengi wanajaribu mara moja wakavunjika moyo. Mwanamke aliyelala kwa muda wa saa tatu tu, akikaa kimya juu ya msala, kitu cha kwanza kitakachomjia ni usingizi. Asione haya. Mwili unadai deni lake kwanza. Siku ya pili, ya tatu, usingizi unapungua, halafu yanakuja mawazo ya nyumba: deni la dukani, mtoto aliyefeli mtihani, neno alilolisema wifi. Ayaache yapite. Baada ya hapo, kwa wengi niliozungumza nao, huja machozi, bila sababu wanayoweza kuitaja. Kisha huja dua. Si zile za kukariri tu, bali zile mtu anazosema kwa lugha yake ya nyumbani, akitaja majina ya watu wake mmoja mmoja. Hapo ndipo mtu anaiona Ramadhani yake.

Wala tusidhani kwamba kusumbuliwa ni kwa wajinga na maskini peke yao. Imamu Ghazali, ambaye kitabu chake cha Ihyaa husomwa katika darsa nyingi za pwani yetu, aliiacha kazi yake ya kufundisha katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad mwaka 1095, akaenda Damascus, akawa anajifungia katika mnara wa msikiti mkuu. Ndani ya Ihyaa ameweka kitabu kizima juu ya adabu za kujitenga, akipima faida zake na hasara zake bila upendeleo. Na alipokuja kusimulia maisha yake, alikiri kwamba mambo ya watoto na riziki yalimvuruga, na utulivu safi aliupata kwa vipindi tu, lakini hakukata tamaa nao. Kama mtu wa daraja ile aliupata kwa vipindi, basi mama wa watoto sita asijilaumu kwa nusu saa.

Nina mfano mwingine, wa kwetu kabisa. Mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi ambao mpaka leo unasomwa pwani nzima. Ni utendi wa wajibu: dini, mume, nyumba, adabu. Watu wanabishana sana juu ya yaliyomo. Mimi hunishughulisha hali aliyokuwa nayo mtungaji. Alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Sijui kama angekuwa mzima, na watu wa kulisha, angepata kukaa na kalamu. Siombi maradhi yawe ndiyo ruhusa ya mwanamke kukaa peke yake. Wako wengi, hata leo, ambao kitanda cha hospitali ndiyo mara yao ya kwanza kulala bila kuitwa.

Wenzetu Wakristo mliokuja leo, karibuni, na haya hayako mbali nanyi. Mna Kwaresima, mna mafungo, na mna kisa cha Martha na Mariamu katika Injili ya Luka, dada mmoja amekaa kusikiliza na mwingine amelemewa na kazi za kupokea mgeni. Desemba nyumba zenu za Moshi zinajaa watoto waliorudi kutoka mijini, na kuna mama mmoja nyuma ya nyumba ambaye Krismasi inampita akiwa kwenye moshi wa kuni. Mwaka 2030, kwa hesabu ya mwandamo, tutakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza mwishoni mwa Desemba, siku zile zile za Krismasi. Majirani wa dini mbili watakuwa na majiko ya moto kwa pamoja. Ingefaa tuwe tumeshajifunza kitu kabla ya hapo.

Kuna njia moja ya mkato ambayo naikataa. Ni ya mwenye uwezo kumwambia mke wake: wewe kapumzike, dada wa kazi yupo. Yule dada ni msichana wa watu, pengine ana miaka 17, ametoka kijijini, naye amefunga. Naye ana Lailatul Kadri yake. Ukimtwika sufuria zote ili bibi wa nyumba akae khalwa, hujapunguza mzigo wa mtu, umeuhamishia kwa asiyeweza kusema hapana. Tukigawa saa za utulivu nyumbani, jina lake liwemo kwenye mgao, na asilale baada ya watu wote akaamka kabla ya watu wote.

Tufanye nini basi, mtaniuliza. Punguzeni vyakula. Muhogo wa nazi na uji, tende na maji, samaki wa kupaka siku moja, kunde siku nyingine, inatosha. Aina saba za futari si sunna ya mtu yeyote. Vitambaa vya sikukuu vipelekwe kwa fundi sasa hivi, katika Shaabani, na pazia zifuliwe sasa hivi. Visheti vikaangwe kumi la kati. Watoto wa kiume wenye miaka 10 na zaidi wafundishwe kukuna nazi na kukosha sufuria, na baba zao wawe mbele yao wakifanya. Vyombo vya daku viwe vya wanaume mwezi mzima. Wanatoka msikitini alfajiri wakiwa macho, mikono wanayo.

Anayetaka kukaa itikafu siku kumi, na Mungu amkubalie, aulize kwanza: mke wangu, wewe saa yako ni ipi? Akae siku tano arudi, na usiku mmoja kati ya mikesha ya witiri akae yeye na watoto, mama aende msikitini akeshe. Hata kama ni usiku mmoja. Nimemwona jirani yangu akifanyiwa hivyo na mumewe mwezi 25, na asubuhi yake alikuwa mwanamke mwingine. Mume naye aligundua usiku ule kwamba mtoto wao mdogo huamka mara nne.

Masheikh wangu, nyinyi mna neno linalosikilizwa. Ijumaa zilizobaki kabla ya mwezi kuandama, semeni haya kwenye mimbari, mkiwaelekea wanaume. Wenye kamati, fungueni sehemu ya wanawake katika kumi la mwisho, na kama hakuna chumba, pigeni turubai uani, wekeni maji ya udhu na taa. Na nyinyi mama zangu, mkirudi nyumbani leo, kabla hamjavua hata baibui, kaeni na watu wa nyumba zenu mkubaliane saa ya kila mmoja, muiandike kwenye karatasi, muibandike jikoni.